Tulipoteza Kesi Malindi, na Hapo Ndipo Mambo Yalipoanza

Kuna maneno mtu wa Tana River ameyasikia kuliko hata "mto unajaa". Ni haya: "Korti imeshaamua, rudini nyumbani." Ukiambiwa hivyo unaona mlango umefungwa. Wazee wanapanda matatu, wanarudi Garsen kimya kimya, na kesho yake kila mtu anaendelea na shamba lake au ng'ombe wake. Mambo yameisha.

Leo nataka tuongee kuhusu kesi moja ambayo haikuisha hivyo. Ni kesi ya delta yetu. Nataka hasa vijana wenzangu muijue, maana wengi wetu ilipokuwa inasikizwa tulikuwa bado tunafukuzana na nyani chini ya miembe. Tumekua tukisikia vipande vipande tu: mara sukari, mara Qatar, mara "ile kesi". Hebu tuviunganishe.

Mwaka wa 2008 serikali kupitia TARDA, ile mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilikuwa na mpango na kampuni ya sukari ya Mumias kutoka kule magharibi. Walitaka kupanda miwa kwenye delta, karibu hekta 20,000. Najua hekta ni neno la vitabuni, kwa hivyo fikiria viwanja vya mpira zaidi ya 25,000 vimepangwa kimoja baada ya kingine, vyote miwa mitupu. Juu yake kiwanda, umeme, na mafuta ya ethanoli. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Ajira, barabara, pesa. Na ukweli usemwe, kuna watu wetu waliopenda huo mpango, na siwalaumu. Kijana asiye na kazi akiambiwa kiwanda kinakuja, atashangilia.

Shida ilikuwa ni wapi hiyo miwa ingekaa na maji yake yangetoka wapi. Kama hujawahi kufika kwetu, delta ndiyo friji ya kaunti nzima. Mpokomo analima kwa kufuata mto: maji yakipanda na kushuka yanaacha udongo mzuri, hapo ndipo mpunga, ndizi na mahindi. Mworma na Mwardei wanachunga mbali wakati wa mvua, lakini kiangazi kikikaza, ng'ombe wote wanateremka deltani, hata wale wa kutoka Garissa na upande wa Lamu. Wanapita kwenye malka, zile njia za mifugo kufika mtoni. Wavuvi nao wako kwenye maziwa yanayojazwa na mafuriko. Sasa chukua sehemu nono zaidi ya friji hiyo, uizungushie mitaro na miwa. Mwezi wa Septemba ng'ombe ataenda wapi?

Na tulikuwa na kumbukumbu. TARDA hiyo hiyo iliwahi kuanzisha mradi mkubwa wa mpunga deltani, kisha mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaja yakasomba mitambo na kingo. Mto Tana haujui ramani ya mtu.

Juni 2008 NEMA ikaupa mradi wa sukari leseni. Wenyeji wakishirikiana na mashirika ya mazingira wakakimbilia Mahakama Kuu ya Malindi, na Julai 2008 korti ikasimamisha mradi kwa muda ili kesi isikizwe. Mwishoni mwa mwaka huo huo habari nyingine ikalipuka: kulikuwa na mazungumzo ya kuipa Qatar hekta 40,000 za delta ilime chakula chake, nayo isaidie kugharamia bandari ya Lamu. Yaani sisi tunapigania kipande kimoja, kumbe kuna wengine wanagawana nusu ya meza.

Halafu Juni 2009 kesi ikatupwa. Tukashindwa.

Lakini tulishindwa vipi? Hapa ndipo watu wengi wanapita mbio, na ndipo utamu wote ulipo. Kesi ilianguka kwa mambo ya utaratibu. Korti haikuketi ikasema miwa ni halali kuliko malka. Haikusema Mworma hana haki ya maji wala Mpokomo hana haki ya shamba. Ni kama timu ya Garsen kuzuiwa kuingia uwanjani kwa sababu kadi za wachezaji hazikujazwa sawa. Umepoteza pointi, ndiyo. Umefungwa bao? Hapana. Mechi haijachezwa.

Na swali ambalo halijajibiwa ni mali, wadau. Ukishindwa kwa hoja yenyewe, mpinzani wako anatembea na karatasi inayosema alikuwa sahihi. Ukishindwa kwa utaratibu, anatembea na karatasi inayosema tu kwamba ulikosea mlango. Swali lenyewe umebaki nalo wewe, na unaweza kulibeba ukalipeleka mlango mwingine.

Sasa ona lilibebwa hadi wapi.

Kwanza lilitoka Malindi likawa jambo la dunia. Kabla ya kesi, delta ya Tana ilijulikana na watu wa ndege na watafiti. Baada ya kesi, kila aliyeandika kuhusu wageni kunyakua ardhi Afrika alikuwa anataja delta ya Tana. Kampuni zilizokuwa zinapanga kuja zikajua kwamba hapa kuna watu wanaouliza maswali. Mpango wa Qatar haukufika popote. Wale wa kutoka Uingereza waliotaka kulima mbegu za mafuta wakajiondoa 2011. Wale wa Kanada na mibono yao nao mwisho wake haukuwa mzuri. Sitaki kukudanganya kwamba ni kesi peke yake iliyofanya haya yote. Pesa zilikuwa ngumu, na Mumias yenyewe ilikuwa inaelekea kubaya, mpaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Lakini mradi wa ardhi unapenda haraka na ukimya. Kesi, hata ile iliyopotea, iliuondolea vyote viwili.

Pili, katiba ikabadilika. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura ya maoni, karibu asilimia 67 wakasema ndiyo. Kaisome katiba hiyo ukiwa na kesi ya Malindi kichwani, utashangaa. Kifungu cha 159 kinaiambia mahakama itende haki bila kufungwa mno na mambo ya utaratibu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinasema ukienda kortini kutetea mazingira, huhitaji kwanza kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, zikiwemo sehemu za malisho. Sisemi katiba iliandikwa kwa ajili ya Garsen. Nasema kulikuwa na Garsen nyingi Kenya nzima, watu walioshindwa na mihuri na fomu, na machungu yao yakaingia ndani ya kitabu.

Tatu, watu walirudi kortini, safari hii Nairobi. Kesi ya 2010 ilibeba malalamiko ya jamii za delta kwa pamoja. Na tarehe 4 Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi akatoa uamuzi: lazima kuwe na mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, na wenyeji washirikishwe kikamilifu kuutengeneza. Soma tena. Miaka minne na ushei nyuma tulikuwa tunaomba mradi mmoja usimamishwe. Sasa korti inasema ramani yote ya delta haiwezi kuchorwa bila sisi. Tulichopata kilikuwa kikubwa kuliko tulichoomba mara ya kwanza.

Ndiyo maana nasema kushindwa kule Malindi kulitufaa. Lau tungeshinda 2009, tungeshinda dhidi ya leseni moja. Leseni nyingine ingeandikwa vizuri zaidi, basi.

Jambo hili si jipya hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1958 Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maafisa wawili wa wilaya wa kikoloni katika jarida la TANU. Akapatikana na hatia. Adhabu: shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa faini akaenda zake. Serikali ya kikoloni ilidhani imemtia adabu, kumbe imempa jukwaa. Wiki chache baadaye uchaguzi ukaanza na TANU ikafagia. Wakili wake alikuwa Mwingereza D. N. Pritt, ambaye miaka mitano kabla alimtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria akashindwa pia. Kenyatta alihukumiwa Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu. Juni 1963 alikuwa Waziri Mkuu. Yaani Pritt alipoteza kesi mbili, na wateja wake wote wawili wakaongoza nchi.

Sasa ngoja, usianze kushangilia. Kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nakupiga porojo.

Wanasiasa wanaijua hii siri kuliko sisi. Januari 2012 mahakama ya ICC kule The Hague ilithibitisha mashtaka dhidi ya Wakenya wanne, wakiwemo Uhuru Kenyatta na William Ruto. Kwa kawaida mtu akipigwa na uamuzi kama huo siasa zake zimekwisha. Wao waliugeuza wimbo wa kampeni: wageni wanatuonea, tusimame pamoja. Machi 2013 wakashinda uchaguzi kwa asilimia 50.07. Kesi zao baadaye ziliisha bila hukumu, ya Kenyatta ikiondolewa 2014 na ya Ruto 2016. Simhukumu mtu hapa. Nakuonyesha mashine inavyofanya kazi: uamuzi wa korti unaingia huku kama pigo, unatoka kule kama huruma. Na ndani ya hiyo huruma, mtu wa kawaida aliyechomewa nyumba 2008 akasahaulika.

Na si kila anayeshindwa anafaidika. BBI ilianguka Mahakama Kuu Mei 2021, ikaanguka Mahakama ya Rufaa Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaimalizia. Waliokuwa nyuma yake walikuwa na serikali, pesa na kelele. Mbona wao hawakuvuna chochote? Kwa maoni yangu ni kwa sababu walipoondoka kortini hawakukuta mtu nje anawasubiri. Mwananchi hakuona swali lake limetupwa. Aliona wakubwa wamekatazwa jambo la wakubwa. Kwa hivyo kushindwa peke yake hakuna thamani. Thamani yake iko kwa watu waliosimama nje ya lango, kama wapo, na kama wako pamoja.

Kuwa pamoja. Hapa ndipo Tana River tunaumia.

Kesi ya delta ikiwa bado Nairobi, mwaka wa 2012, tulichinjana. Sina neno laini la kuweka hapo. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa, zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Desemba, Kipao. Hesabu ya jumla ilipita watu 100. Wengine walisema ni maji na malisho, wengine wakasema ni siasa za uchaguzi uliokuwa unakuja, viti vipya vya ugavana na useneta. Kulikuwa na tume ya uchunguzi. Lakini nataka uone jambo moja. Kwenye faili ya kesi, mkulima na mfugaji walikuwa upande mmoja, wanadai ardhi ile ile dhidi ya mipango ile ile ya kutoka juu. Nje ya faili, mkulima na mfugaji walikuwa wanazikana. Na katikati ya hayo, Septemba hiyo hiyo ya 2012, delta ikaandikishwa kuwa eneo la Ramsar, ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Dunia inaitambua delta yetu, sisi tunakimbizana na mapanga ndani yake.

Kila nikifikiria mwaka ule najiuliza: ni nani aliyefaidika tulipogawanyika? Mkulima hakupata ekari hata moja. Mfugaji hakupata malka mpya. Lakini aliyekuwa anataka kusema "hawa watu hawajielewi, ardhi yao ipangwe na wengine" alipata ushahidi wa bure. Adui wa kesi yetu hakuhitaji wakili.

Ndiyo maana ule uamuzi wa Februari 2013 nauheshimu kuliko watu wengi. Ulikuja miezi miwili tu baada ya Kipao. Ukawaambia watu waliokuwa wametoka kuzika: kaeni meza moja mchore ramani. Na watu wakakaa. Vikao vya vijiji vikafanyika, kamati zikaundwa, wakulima na wafugaji wakaonyeshana wapi ni shamba, wapi ni malka, wapi ni samaki. Kufikia 2015 mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulikuwa umezinduliwa. Una makosa yake, na karatasi haizuii risasi wala mafuriko. Lakini ni moja ya mara chache Kenya ambapo ramani ya serikali iliingizwa mikononi mwa watu wanaoishi juu yake.

Sasa tuje kwako na kwangu, mwaka huu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Inasema jamii ijisajili, iwe na orodha ya watu wake na kamati yake, ndipo ardhi iandikwe kwa jina lake. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Na sisi tunajua maana ya "kwa niaba". Vikao vya usajili vinaitishwa, wanaokwenda ni wazee, sisi tuko kwenye simu. Kule juu ya mto, bwawa la High Grand Falls limekuwa likizungumzwa miaka nenda miaka rudi, na bwawa lolote kubwa juu linabadilisha mafuriko ya chini, na mafuriko ndiyo maisha ya delta. Mpango ukija, kesi itakuja. Na huenda tukashindwa tena raundi ya kwanza.

Ikitokea, naomba usiwe yule mtu wa kuandika "korti imeuzwa" ukaendelea na maisha. Uliza maswali matatu. Je, korti imejibu swali letu, au imetuambia tumekosea mlango? Je, tulio nje ya lango tuko wangapi, na tumetoka pande zote za mto? Na huyu anayetulilia machozi kwenye mikutano ya hadhara, baada ya uchaguzi atakuwa na sisi kortini au atakuwa Nairobi na kiti chake?

Hilo la tatu lina uzito wake, maana 2027 iko mlangoni. Utawaona. Watakuja na kesi zao walizoshindwa, wamezivaa kama medali. Mtu ataondolewa kwenye kinyang'anyiro na korti asubuhi, jioni atakuwa shujaa wa kabila. Msikilize, lakini muulize: ulichopoteza kortini kilikuwa chako au chetu? Wazee waliopoteza Malindi walipoteza kitu chetu, na walipokirudia walikirudia kwa niaba yetu. Hakuna hata mmoja wao aliyepata ubunge kwa sababu hiyo. Walichopata ni haki ya kuulizwa kabla ya ardhi yao kupangwa, na haki hiyo sasa ni yako hata kama hujawahi kushika jembe.

Kwa hivyo kazi ya nyumbani ni ndogo. Nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uulize kijiji chenu kimefika wapi na usajili. Ukiambiwa kikao ni lini, enda. Na ukienda, mchukue rafiki wa upande wa pili wa mto.